HURUMA NI SEHEMU YA ELIMU YA UPASUAJI

Jua, ewe msomaji, ya kuwa elimu ya upasuaji haikamiliki kwa kujua mishipa na mifupa peke yake. Mwenye kushika kisu yampasa ajue pia kwamba aliyelala mbele yake ni mtu, mwenye hofu, mwenye haya, na mwenye jamaa wamngojao nje.

Jambo hili si geni. Tabibu Abu al-Qasim al-Zahrawi, wa Cordoba katika nchi ya Andalusia, aliyeishi miaka elfu iliyopita, alitunga kitabu kiitwacho Al-Tasrif, chenye sehemu 30. Katika sehemu ya mwisho, iliyo ya upasuaji, huwaita wanafunzi wake wanangu. Kisha huwasimulia aliyoyaona. Mganga mmoja mjinga alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa, na yule mwanamke akatokwa na damu hata akafa. Basi akawaonya wasithubutu kukata wasipojua. Tena aliwaonyesha kisu kidogo kifichwacho baina ya vidole, cha kutumbulia jipu mgonjwa asikione akaogopa.

Hapa pana huruma mbili: ya kwanza ni kuuzuia mkono pasipo na elimu, ya pili ni kuipunguza hofu ya mgonjwa. Zote mbili alizifundisha pamoja na ukataji wenyewe, wala hakuzitenga.

Tangu mwaka 1846, ilipodhihirishwa dawa ya usingizi huko Boston, Marekani, mgonjwa hapigi kelele tena. Hiyo ni neema kubwa, lakini ina mtihani wake. Mwanafunzi huona kipande cha mwili tu kati ya nguo, na asipoangaliwa atazoea kusema “lile jiwe” au “ule uvimbe”, akamsahau mwenyewe.

Kwa hiyo ni wajibu wa mwalimu kumpeleka mwanafunzi kwa mgonjwa kabla hajalala. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kusomwa katika chumba cha upasuaji: mgonjwa athibitishe jina lake, mahali patakapokatwa, na ridhaa yake. Ilijaribiwa katika hospitali 8, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Kabla yake walikufa wagonjwa 15 katika kila 1,000. Baada yake, 8. Tazama, basi: kumwuliza mtu jina lake ni adabu, nayo ni katika mambo ya kumkinga.

Lakini orodha yaweza kusomwa kwa ulimi, na moyo haupo. Mwanafunzi humwiga mwalimu wake: akimwona auliza jina huku amempa mgonjwa kisogo, naye atafanya vivyo hivyo. Na kazi ikiisha, mwalimu afuatane naye kwa jamaa, iwe habari ni ya kupona au ya msiba, aone namna ukweli usemwavyo kwa upole. Hilo nalo ni somo, wala halisomwi kitabuni.