Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Somo Juu ya Sinema Zitishazo

Wazee wetu walisema kwamba macho hayana pazia. Lililo mbele ya macho huonwa, na likisha kuonwa halifutiki kwa urahisi. Zamani sinema ilikuwa na jumba lake mjini, na mlangoni alisimama mkata tiketi aliyeweza kumrudisha mtoto nyumbani. Kisha ikaja kanda ya video, ikafuata diski, na sasa simu ya mkononi. Sinema iliyopigwa marufuku katika nchi moja yaweza kutazamwa jioni hiyo hiyo Ifakara, Mang'ula au Mlimba, nao wadogo wakichungulia begani mwa kaka yao. Kwa hiyo twaona yafaa tujifunze pamoja namna ya kuzipima sinema za aina moja, yaani zile zinazoonyesha mauaji na ukatili, zikidai kwamba zafanya hivyo ili kutufundisha mambo ya siasa.

Tuanze na ile inayotuhusu zaidi. Mwaka 1966 Waitalia wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walitoa sinema iitwayo Africa addio, maana yake Kwaheri Afrika. Walikuwa wamezunguka katika nchi zilizokuwa zikipata uhuru, Kenya, Tanganyika na Kongo zikiwamo. Siku chache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, walipita kwa ndege juu ya kisiwa cha Unguja wakapiga picha za watu waliokuwa wakikimbizwa, za makaburi na za maiti. Picha za sinema zilizobaki za siku zile ni chache mno. Nao waliolala chini hawakuwa waigizaji. Walikuwa baba na mama za watu, na jamaa zao wangali hai Unguja, Dar es Salaam, Oman na Uingereza.

Sasa tusikilize maneno yaliyowekwa juu ya picha hizo. Sinema hiyo yawaambia watazamaji wa Ulaya kwamba Afrika ni mtoto mchanga aliyeachwa na mlezi wake kabla ya wakati, na kila maiti inatolewa kama ushahidi wa maneno hayo. Lakini mtu anayetaka kuelewa yaliyotokea Unguja hana budi kujua mengi yasiyoonekana kutoka angani. Hana budi kujua habari za utumwa na za mashamba ya mikarafuu, na namna utawala wa kikoloni ulivyowahesabu watu kwa makabila na rangi. Hana budi kujua pia uchaguzi wa Julai 1963, ambamo chama cha ASP kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini ZNP na ZPPP kwa pamoja vikapata viti 18 dhidi ya 13 vya ASP. Hayo hayahalalishi kuuawa kwa mtu hata mmoja. Yaonyesha tu kwamba mauaji yale yalikuwa na sababu zake katika historia, wala hayakutoka katika tabia ya watu fulani.

Sisi wa Bonde la Kilombero twaweza kulifahamu jambo hili upesi. Tuseme mgeni apite kwa ndege juu ya bonde letu wakati wa masika, mto umefurika na maji yametanda hata upeo wa macho. Apige picha, kisha aende kwao aseme: “Tazameni watu hawa wajinga, wamelima ndani ya maji.” Picha yake itakuwa ya kweli, lakini maneno yake yatakuwa ya uongo. Mkulima wa Ifakara ajua kwamba maji yayo hayo ndiyo yaletayo rutuba na kuulisha mpunga. Kamera imeona maji, isione elimu ya mkulima. Hii ndiyo maana ya methali isemayo kwamba mwamba ngoma huvutia kwake.

Hapa pana makosa mawili ambayo yatupasa kuyaepuka yote. Kosa la kwanza ni kuyaamini maneno kwa sababu picha ni ya kweli. Kosa la pili, ambalo huwapata hata watu wema wapendao nchi yao, ni kuikana picha kwa sababu maneno yake yanaudhi. Mtu achukizwaye na dharau ya Waitalia wale asiseme kwamba hakuna aliyekufa Unguja. Akisema hivyo, amewaua marehemu mara ya pili.

Mfano wa kosa hilo la pili tuliuona mwaka 2006. Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alikuwa ametoa mwaka 2004 sinema iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza. Ilionyesha minofu ya sangara ikipakiwa katika ndege kwenda Ulaya, huku maskini wakikaanga mapanki. Nayo ilidokeza kwamba ndege hizo huenda zililetea Afrika silaha. Rais Kikwete aliilaumu sinema hiyo katika hotuba yake kwa taifa, na watu wakaandamana Mwanza. Habari ya silaha ilistahili kudaiwa ushahidi, na waliodai ushahidi walikuwa na haki. Lakini mapanki yalikuwapo, na watoto wa mitaani walikuwapo. Hasira juu ya mtengenezaji haikumshibisha hata mtoto mmoja miongoni mwao.

Zipo tena sinema ambamo hakuna aliyeumizwa kweli, ila ukatili umebuniwa wote. Iliyosemwa sana ni ya Srđan Spasojević wa Serbia, iliyotoka mwaka 2010 kwa jina la A Serbian Film. Yaliyomo hatutayaeleza katika ukurasa unaosomwa na watoto. Mtengenezaji alijitetea kwamba ukatili ule ni mfano wa namna watu wa nchi yake walivyotendwa na watawala. Hata hivyo, wakaguzi wa Uingereza waliondoa vipande 49 kabla ya kuiruhusu, na nchi nyingine ziliikataa kabisa. Twakiri kwamba mwenye kudhulumiwa ana haki ya kulia kwa sauti kubwa. Lakini mfano ukiwa mzito kuliko fundisho, mtazamaji huondoka na mfano, fundisho akaliacha pale pale.

Yafaa pia tutazame njia ambayo sinema hizi hupita hata kufika nyumbani. Africa addio ilipigiwa kelele na vijana huko Berlin Magharibi mwaka ule ule wa 1966. Huko Italia watengenezaji wake walishutumiwa kwamba katika Kongo watu walicheleweshwa kuuawa ili kamera iwe tayari. Mashtaka yakafunguliwa, nao wakaonekana hawana hatia. Mwaka 1970 ilitolewa Marekani ikiwa imekatwa sana, sehemu kubwa ya mambo ya siasa ikaondolewa, damu ikabakizwa, hata jina likabadilishwa kuwa la damu na matumbo. Mwaka 2003 kampuni ya Blue Underground iliitoa tena katika diski, kwa tafsiri ya Kiingereza na kwa toleo refu zaidi la Kiitaliano. Basi sinema moja ina sura nyingi, na aliye nayo nyumbani mara nyingi hajui ameletewa ipi. Kipande cha dakika mbili kinachozunguka simuni ni kibaya zaidi, kwa kuwa hakina mwanzo wala mwisho, na kila akitumaye hukiwekea maneno yake.

Lakini watu wetu si wageni katika elimu hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema lililosaidiwa na serikali za kikoloni, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ambalo picha zake zilisindikizwa na maelezo yaliyorekodiwa katika santuri. Baadaye, katika vibanda vya video, wakaja watafsiri waliozungumza juu ya sinema za ng'ambo kwa Kiswahili, marehemu Lufufu akiwa mmoja wa waliotangulia. Kila aliyeketi kibandani ajua kwamba mtafsiri hodari huweza kumfanya mwovu achekeshe, na sinema dhaifu akaitia utamu. Basi tujiulize: ikiwa twajua kwamba sauti ya kibandani ni kazi ya mtu mmoja, mbona twaisahau elimu hiyo tunapoisikia sauti ya mgeni msomi?

Wazazi wasidhani kwamba sheria peke yake yatosha. Tangu mwaka 1976 nchi yetu ina sheria ya kukagua filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani, nayo ni sheria njema. Lakini mkaguzi hakai sebuleni mwa mtu. Watoto wadogo wasionyeshwe maiti za watu kwa hoja yoyote ile. Vijana wakubwa watakutana nazo hata tukikataza, kwa hiyo tuwafundishe kuuliza maswali matatu. Ni nani huyu aliyelala chini, na je, jamaa zake wangeridhika atazamwe hivi? Ni nani asemaye juu yake, na anataka tuamini nini? Ni nani aliyetuletea, na kwa nini ametuletea leo?

Swali hilo la mwisho ni zito katika bonde letu. Wakulima na wafugaji wamegombania ardhi na maji hapa kwa miaka mingi, na mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Siku ya ugomvi, kipande cha picha kisichojulikana kimetoka wapi chaweza kuwasha moto ambao mvua zote za masika hazitauzima. Mwenye kukipokea asikitume kwa mwingine. Akae kwanza, aulize maswali yake matatu, na asipopata jibu, akifute.