Sheria za Kiingereza na Uzushi Wake

Swali: Mwalimu amemkata mwanangu alama kwa kumalizia sentensi na "to". Je, ni kosa kweli?

Jibu: Barua za namna hii zimekuja nyingi, nazijibu zote hapa. Si kosa, na inaniudhi kuona watoto wakipoteza alama kwa uzushi.

Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia aliyefariki miaka 35 nyuma, kwa kuacha kihusishi (neno kama "to") mwishoni mwa sentensi. Wasomi wa zama hizo walikitukuza Kilatini, ambacho kwa kawaida huweka kihusishi mbele ya nomino yake. Lakini Kiingereza si Kilatini, na Waingereza wenyewe walikuwa wakimalizia sentensi na kihusishi karne nyingi kabla ya Dryden. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliandika kwamba muundo huo umezoeleka katika mazungumzo, ila maandishi ya heshima hupendeza zaidi kihusishi kikitangulia. Huo ulikuwa ushauri tu. Waliomfuata wakaugeuza amri. Mwaka 1926 H. W. Fowler, ambaye kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kinaheshimiwa hadi leo, aliiita imani hiyo ushirikina.

"Who are you talking to?" ni Kiingereza safi. Ukimwuliza rafiki yako "To whom are you talking?" hujakosea, ila atadhani umemkasirikia. Mzazi, nenda kwa mwalimu, zungumza naye kwa adabu, udai alama za mtoto.

Swali: "Its" inawekwa ritifaa wakati gani?

Jibu: Ikiwa badala ya "it is" au "it has". Kwingineko kote, hapana.

Swali: Kwa nini nachanganya "he" na "she" ilhali tofauti naijua?

Jibu: Kwa sababu umekulia katika lugha isiyobagua. Tunasema "anapika", awe baba au mama, na ulimi umezoea hivyo. Wanaokucheka hawajui lugha hujengwa vipi. Kusoma kanuni tena hakutakusaidia, kwani unaijua tayari. Simulia kwa sauti siku nzima ya mama yako, kisha ya baba yako, mwenzako akikusimamisha kila unapoteleza. Fanya hivyo kila siku mpaka ulimi uzoee.

Swali: "Informations", "equipments", "furnitures", "advices": yapi ni sahihi?

Jibu: Hakuna hata moja. Sisi tunasema "vifaa" na "samani nyingi", lakini Waingereza maneno haya hawayatii "s". Taarifa mbili ni "two pieces of information". Nashangaa kuyakuta kwenye matangazo ya zabuni, yaliyopita mikononi mwa watu wenye shahada.

Swali: Nimeona kozi ya simu inayoahidi Kiingereza fasaha kwa siku saba. Nijiunge?

Jibu: Usitoe hata shilingi. Nunua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye mifano ya sentensi, na uifungue kila unapotilia neno shaka.