Kubadilisha Mpira wa Rejeta Kabla ya Kupanda Bugarama

Barabara ya RN1 inaanzia Bujumbura, chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na kufika Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kwa mwendo wa kilomita 35 hivi. Gari lenye mzigo hupanda kwa gia ndogo, na maji ya rejeta huweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka kwa sababu mfuniko umeyabana. Joto na shinikizo hilo huuangukia mpira, kwa hiyo uchague kwa makini.

1. Acha injini ipoe kabisa. Usifungue mfuniko injini ikiwa moto. Maji yataruka na kukuunguza.

2. Kagua mpira wa zamani. Ubonyeze kwa vidole, hasa karibu na vibano. Ukiwa mgumu wenye nyufa, joto limeuzeesha. Ukibonyea kama sponji, umeoza kwa ndani. Ukivimba na kunata, umeguswa na oili.

3. Chagua aina sahihi. Kwenye maduka ya spea ya Buyenzi, mjini Bujumbura, nenda na mpira wa zamani ukishauvua (hatua ya 4 na 5) ulinganishe umbo na kipenyo cha ndani, kisha usome maandishi ubavuni.
- *EPDM* ndio wa maji ya rejeta. Huvumilia nyuzi 120 hivi kwa muda mrefu, lakini oili na petroli huuharibu.
- *Nitrili (NBR)* ni wa mafuta na oili. Usiufunge kwenye rejeta. Joto la muda mrefu huukausha.
- *Silikoni* huvumilia hadi nyuzi 200 hivi, ila ni ghali, na petroli huuharibu.

4. Toa maji. Yakinge kwenye beseni. Kulanti, dawa ya kupoozea injini iliyo ndani ya maji hayo, ni sumu yenye ladha tamu: iweke mbali na watoto na wanyama, wala usiimwage mtaroni, kwani maji ya mitaro ya mji huishia Ziwa Tanganyika.

5. Vua mpira. Ukigoma, uchane kwa kisu kwa urefu. Usiuchokonoe kwa bisibisi, mdomo wa rejeta utavunjika. Kisha safisha mdomo huo.

6. Vika mpira mpya. Ulainishe kwa kulanti, kamwe si kwa grisi wala oili. Kibano kikae nyuma ya ukingo wa mdomo, na usikikaze hadi kikakata mpira.

7. Jaza na ujaribu. Tia kulanti iliyochanganywa na maji safi, washa injini, toa hewa, funga mfuniko, halafu tazama kama panavuja. Injini ikishapoa, ongeza kiwango kilichopungua na kaza vibano tena, maana mpira mpya hulegea kidogo baada ya kupata moto.

Fundi akikuletea mpira wowote "unaoingia", mwulize kwanza umetengenezwa kwa kitu gani. Kuingia hakutoshi, lazima uvumilie joto, na uendane na kimiminika kinachopita ndani yake.