Uji wa Saa Nne Usiku: Misheni kwa Watu wa Mtaani Mbeya na Iringa

Misheni kwa watu wasio na makazi katika Nyanda za Juu Kusini ni kazi ya usiku, na usiku wa huko una baridi. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa mita 1,600. Juni na Julai joto la usiku Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Iringa mjini, palipo juu ya kilima, upepo haukutani na kizuizi. Anayelala barazani mwa duka pale Mwanjelwa, Mbeya, ana shida tofauti na mwenzake wa Kariakoo, Dar es Salaam. Wa Kariakoo anapigana na mbu. Wa Mwanjelwa anaamka vidole vimekufa ganzi. Ndiyo maana safari iliyopangwa kwa kwaya, spika na mkutano wa mchana, kisha wote wakarudi nyumba ya wageni jua linapozama, huwa haijawafikia watu iliyowakusudia.

Wanaoitwa kwa jumla watu wa mtaani ni makundi kadhaa, na kila kundi lina haja yake. Wako wavulana wanaookota makopo na chuma chakavu au kubeba mizigo sokoni. Wengi wao jioni hurudi kwa bibi au kwa mama aliyepanga chumba kimoja, kwa hiyo mtaa kwao ni mahali pa kazi. Wachache hulala huko huko, ndani ya salfeti na maboksi. Wako wasichana walioletwa mjini kufanya kazi za ndani wakafukuzwa bila nauli. Wako vijana walioshuka kwenye lori la barabara ya Tunduma wakitafuta kibarua, wazee wanaoingia mjini asubuhi kuomba, watu wenye ulemavu, na wagonjwa wa akili ambao ndugu wamechoka kuwatafuta. Tofauti hizi hazijulikani kwa kuuliza maswali siku ya kwanza. Hujulikana kwa kupita mahali palepale mchana, jioni na usiku wa manane.

Sababu zilizowafikisha hapo nazo zina sura ya eneo hili. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022–2023 uliiweka mikoa mitatu ya nyanda hizi juu kuliko mingine yote: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Nyuma ya tarakimu hizo kuna nyumba zilizobaki na bibi mmoja na wajukuu watano. Mbeya ina pia njia: barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975, huleta watu, wengine wakiwa na nauli ya kuja tu. Soko la Mwanjelwa lilipoteketea mwaka 2006, wafanyabiashara wadogo waliopoteza mtaji kwa usiku mmoja walikuwa na watoto pia. Iringa, pombe ina sehemu yake, na hilo husemwa kwa huzuni na watoto wenyewe: baba alirudi kutoka kilabu cha ulanzi, ugomvi ukaanza, mtoto akatoka.

Jambo moja la historia humsaidia anayepanga safari ya namna hii. Wamisionari wa kwanza wa nyanda hizi hawakwenda mijini, kwa sababu miji haikuwapo au ilikuwa boma la askari. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Wabenediktini walianzisha Tosamaganga mwaka 1896, juu ya vilima nje ya Iringa, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wakonsolata wakaichukua kazi hiyo. Mji wa Mbeya wenyewe ulianza mwaka 1927, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu. Kanisa la milimani lilijengwa juu ya kaya: mwinjilisti alimjua kila baba, shamba lake na ukoo wake, na mgonjwa alihudumiwa kupitia nyumba yake. Mtu aliyekatika kutoka kwenye kaya hana pa kuandikwa katika utaratibu huo. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki na nyumba kwa nyumba za Waprotestanti bado hukutana sebuleni kwa mtu, na asiye na sebule hualikwa na nani? Hapo ndipo penye pengo, na misheni ya mjini inapaswa kuanzia hapo.

Maandalizi huanza miezi miwili au mitatu kabla, kwa kutafuta mwenyeji. Mwenyeji mzuri ni usharika au parokia iliyo karibu na soko au stendi, yenye walau watu wawili walio tayari kuendelea na kazi wageni wakiondoka. Bila watu hao wawili ni afadhali safari iahirishwe. Hili ni neno gumu kwa wanafunzi wa vikundi vya Kikristo kama TAFES au CASFETA waliokwisha kuchangishana nauli, lakini mtu aliyeachwa na baba, kisha na shangazi, hahitaji kuachwa mara ya tatu na kanisa. Baada ya mwenyeji hufuata barua: kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji, kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, na kwa polisi wa wilaya ikiwa kutakuwa na mkusanyiko wa hadhara. Afisa Ustawi ndiye muhimu kuliko wote. Mara nyingi anawafahamu watoto kwa majina, anajua nani ana ndugu Makambako na nani alisharudishwa kwao mara mbili.

Kikundi kisizidi watu 12, wanawake na wanaume, na usiku watembee wanne wanne pamoja na mwenyeji. Wingi wa watu wenye fulana za rangi moja huwafanya wanaolala barazani wadhani mgambo wamekuja kuwaondoa.

Siku mbili za kwanza hakitolewi kitu. Wageni hutembea Mwanjelwa, Kabwe, Sokomatola na stendi, au Iringa kuanzia Soko Kuu hadi Miyomboni na Mlandege, kisha chini hadi Ipogolo na stendi ya Igumbilo. Wanakunywa chai kwa mama ntilie na kumsikiliza, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye nani hajala, nani anakohoa, nani ameanza kunusa gundi. Mama ntilie na walinzi wa usiku ndio wachungaji wa mitaa hiyo kabla misheni yoyote haijafika. Mlinzi anayemruhusu mtoto alale karibu na moto wake wa mkaa ametenda jambo kubwa, na anastahili kushukuriwa kwa jina mbele ya kikundi kizima.

Salamu zina uzito wake. Mzee husalimiwa shikamoo kwanza, hata akiwa amejifunika salfeti. Vijana wanaompita kimya kwa sababu nguo zake zimechafuka wamekwisha kuhubiri kabla ya kufungua Biblia. Iringa mtu akisema “Kamwene” hufunguliwa uso. Mbeya, kwa Wanyakyusa, salamu ni “Ugonile”, neno linalomuuliza mtu kama amelala. Kuulizwa hivyo na mgeni aliyeinama hadi chini, asubuhi ya Julai, kumewafanya wengine walie. Mvulana aitwe mdogo wangu mpaka aseme jina lake, na jina hilo likumbukwe kesho yake.

Usiku wa tatu ndipo uji unapotoka. Uji una faida nyingi juu ya mkate na soda: unapasha mwili, haudumu hadi ukauzwa, na humlazimu mgawaji akae na mnywaji hadi kikombe kirudi. Kilo moja ya unga hutoa vikombe vingi. Unga wa mahindi uliochanganywa na ulezi, karanga zilizosagwa na sukari kidogo unatosha; tangawizi ikiwekwa, baridi husogea. Hupikwa nyumbani kwa mama wa usharika, humiminwa kwenye ndoo zenye mifuniko zilizofungwa blanketi, na kufikishwa mtaani kwa bajaji saa 4 usiku, maduka yakiwa yamefungwa na wanaolala nje wakiwa wametulia. Maji ya kunawa yatangulie. Vikombe viwe vya kutosha, maana kuchangia kikombe kimoja huwafedhehesha watu na hueneza magonjwa.

Mablanketi yanahitaji busara zaidi. Kikundi kimoja ambacho mwandishi alikuwamo kiliwahi kugawa mablanketi mapya saa 9 alasiri, hadharani, watoto wakiwa wamepangwa mstari. Kufikia usiku ule karibu yote yalikuwa mikononi mwa vijana wakubwa, na mtoto mmoja alikuwa amepigwa kwa kukataa kutoa lake. Tangu hapo mablanketi hutolewa usiku, moja moja, kwa mtu aliyekwisha kulala, na huwa ya mtumba yenye rangi iliyofifia, yasiyomshawishi mnunuzi. Pesa taslimu haitolewi kabisa kwa mtoto. Mwenye umri mkubwa anayehitaji nauli ya kurudi kwao asindikizwe hadi stendi, tiketi ikatwe kwa jina lake, na ndugu zake wapigiwe simu kwanza.

Kwa watoto sheria iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayeona mtoto anadhulumiwa au kutelekezwa atoe taarifa kwa mamlaka za mtaa, na makao ya kulelea watoto lazima yawe na leseni. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kumchukua mtoto akalale anapofikia yeye, hata kwa nia njema, hata mvua ikinyesha. Njia iliyopo ni kumwita Afisa Ustawi, ambaye anaweza kumpeleka kwa mlezi wa kuaminika aliyeandikishwa, au kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyolipiwa. Kumrudisha mtoto kijijini kwa haraka ni kosa linalofanywa na wengi wenye moyo mwema. Kilichomtoa kwao bado kipo pale, na asipopatikana mtu wa kuzungumza na familia na kurudi kuitazama, mtoto huwa stendi tena ndani ya wiki chache, sasa akiwa hamwamini mtu. Picha nazo zisipigwe. Mbali na heshima, tangu kuwapo kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha ya mtu inalindwa hata kisheria.

Mgonjwa hupelekwa hospitali akiwa na mtu wa kukaa naye. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na ile ya Mkoa Iringa zina maafisa ustawi wanaoshughulikia msamaha wa gharama kwa asiye na uwezo, lakini mtu aliyekuja peke yake, ananuka, hana kitambulisho, huweza kukaa benchi hadi jioni. Mshiriki mmoja aliyevaa vizuri akiketi kando yake hubadilisha mambo. Ni jambo la kusikitisha, na ni kweli.

Neno la Mungu lina mahali pake, baada ya uji na kamwe si kabla. Anayepewa kikombe kwa sharti la kuinua mkono anajifunza kuinua mkono. Usiku, kando ya moto wa mlinzi, hadithi fupi inayosimuliwa kwa sauti ya kawaida hufika mbali kuliko mahubiri, na maswali huja yenyewe: mama yangu aliyekufa yuko wapi, Mungu aliniona siku ile? Kusiwe na haraka ya kujibu. Mfano wa Msamaria katika Luka 10 husimuliwa mara nyingi, na wasikilizaji wa mtaani hukamata sehemu ambayo wasikilizaji wa kanisani huipita: yule mtu alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kupita tena.

Kwa vijana na watu wazima swali la nne au la tano huwa kazi, na Iringa ina mfano unaofaa kwenda kuuona. Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 na Susie Hart chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ilikua ikawa na karakana, mgahawa unaohudumiwa na viziwi, na wafanyakazi wenye ulemavu zaidi ya 100. Watu ambao wengi wangewatarajia mlangoni pa msikiti au kanisa wakiwa na bakuli wakawa mafundi wanaolipwa mshahara. Kikundi cha misheni hakiwezi kujenga kitu kama hicho kwa wiki moja. Kinaweza kumlipia kijana mmoja ada ya ufundi wa cherehani au uchomeleaji, au kumnunulia mwokota makopo mizani yake mwenyewe ili asipunjwe na mnunuzi, na kumkabidhi kwa mwanausharika mwenye fani hiyo. Mizani hiyo, kwa uzoefu wa mwandishi, imezaa kuliko mikutano mingi.

Siku ya mwisho haifanyiwi sherehe mtaani. Asubuhi kikundi huketi na mwenyeji na daftari moja, lililoandikwa kila usiku baada ya matembezi: jina ambalo mtu amejitambulisha nalo, anapolala, anachougua, alichoahidiwa na aliyemwahidi. Kila ahadi husomwa kwa sauti. Iliyo ndani ya uwezo wa usharika hupewa mtu wa kuitimiza. Iliyozidi uwezo hurudiwa siku hiyohiyo na aliyeitoa, aende mwenyewe kumweleza mhusika kwamba haitawezekana. Majina ya watoto huenda kwa Afisa Ustawi. Daftari hubaki kabatini kwa mwinjilisti au katekista, kwa kuwa majina hayo si ya kusafiri, na tarehe ya kurudi huandikwa ukurasa wa kwanza, mbele ya mama aliyepika uji.