LINDA FRENI YA KICHWA CHAKO



Kila mmoja wetu amekwisha kuona mtu wa namna hii. Zamani alikuwa mpole, aliheshimu wakubwa. Leo, kwa neno dogo tu, anainua nyundo. Hapa Lushebere, kama mahali pengine, watu husema: «Amerogwa», ao «Ana roho mbaya». Lakini tuulize kwanza: je, hakuumia kichwa?

Habari ya kapita Gage

Tarehe 13 Septemba 1848, huko Vermont, Marekani, Phineas Gage, kapita wa miaka 25, alikuwa anapasua mawe kwa njia ya gari-moshi. Alishindilia baruti kwa mtaimbo wa kilo 6. Chuma kiligonga jiwe, cheche zikaruka, baruti ikalipuka. Mtaimbo uliingia chini ya jicho la kushoto, ukatokea utosini.

Hakufa. Siku ile ile alisema na watu. Mganga wake, Harlow, alimtunza mpaka akapona kidonda. Lakini kapita yule mwangalifu alikuwa amegeuka: matusi, haraka, kukataa shauri. Rafiki zake walisema huyu si Gage waliyemjua. Kazi ya ukapita hakurudishiwa.

Kwa nini?

Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya bongo inayotuambia: «Ngoja, fikiri kwanza.» Ndani zaidi kuna sehemu zinazowasha hasira na woga. Hizo ni kama motere. Ile ya mbele ni freni. Nani atateremka kutoka Masisi mpaka Sake kwa gari lisilo na freni?

Freni hiyo huharibika kwa pigo la kichwa. Hulegea kwa pombe kali, kwa kukosa usingizi, na kwa mateso ya vita. Kwa kijana haijakomaa mpaka karibu miaka 25.

Tusikosee: si kila mkorofi aliumia, wala wengi walioumia si wakorofi. Kosa linabaki kosa. Lakini mgonjwa anahitaji mganga pia.

Tufanye nini?

1. Vaa kofia ya kazi tangu kuingia shimoni mpaka kutoka.
2. Usishuke shimoni na pombe kichwani.
3. Aliyepigwa kichwa asiachwe peke yake. Akitapika, akisinzia ovyo, akichanganya maneno ao akishikwa na kifafa, mpelekeni hospitali mara moja.
4. Mama, ukiona mume amegeuka tabia baada ya ajali, mweleze mganga. Si aibu. Akikupiga, toka na watoto, ita watu.
5. Hasira ikipanda, weka chombo chini, toka, pumua.

Tumaini lipo. Baadaye Gage aliendesha magari ya farasi miaka mingi huko Chile, kazi yenye saa na utaratibu. Alikufa mwaka 1860. Kazi ya kila siku na uvumilivu wa watu husaidia bongo kujifunza tena.

Mguu uliovunjika utauona. Freni ya kichwa ikivunjika, jamaa yako ndiyo itaiona kwanza. Vaa kofia!