Kabla hujanunua betri ya sola

Nyumba nyingi za Mlandege, kama ilivyo kwingine katika Manispaa ya Iringa, zina umeme wa TANESCO, na bado wenye nyumba wanafunga sola. Wana sababu. Mgao ulioanza Septemba 2023 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2024 haujasahaulika, hasa kwa wenye saluni na mashine za kuchomelea. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024 na hali ikawa nafuu, lakini kifuku kikija na radi zake umeme hukatika vilevile. Paneli peke yake haiwashi taa usiku. Inayowasha ni betri, na betri hiyo ndiyo wengi wanainunua kwa pupa, kisha inakufa mapema kuliko kifaa kingine chochote walichofunga.

Anza na kalamu na karatasi. Andika kila kifaa unachotaka kiwake umeme ukikatika, wati zake, na saa utakazokitumia. Taa 5 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 175. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Ruta ya intaneti ya wati 10 kwa saa 10 ni 100. Simu tatu, weka 45. Jumla ni 520, na ukiongeza kinachopotea kwenye inveta unafika kama 600. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000, kwa hiyo hapa unazungumzia zaidi kidogo ya nusu uniti kwa usiku mzima. Pasi, hita na jagi la kuchemshia maji viondoe kabisa kwenye orodha. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka dakika 36 tu imekula akiba yote.

Sasa njoo kwenye betri. Iliyoandikwa volti 12, Ah 100, hubeba wati-saa 1,200, yaani volti mara Ah. Lakini hutakiwi kuzitumia zote. Betri ya maji, na hata ile kavu ya jeli, hutakiwa ibakiwe na nusu ya chaji. Ukizoea kuikausha kila usiku haimalizi miaka miwili. Kwa hesabu yetu betri hiyo itatoa 600 bila akiba yoyote, kwa hiyo chukua Ah 150. Ya lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80, yaani wati-saa 960, hivyo Ah 100 inatosha na kubaki. Bei yake ni kubwa, lakini inachajiwa na kutumika mara elfu kadhaa, wakati ya maji huchoka baada ya mara mia chache. Mwenye uwezo wa kujikusanya miezi michache zaidi, ushauri wangu ni anunue lithiamu.

Dukani, inyanyue. Betri ya maji au ya jeli ya Ah 100 hukaribia kilo 30, kwa sababu ndani kuna risasi nyingi. Ukikuta nyepesi kama ndoo ya maji ya lita 10, maandishi yaliyo juu yake hayana maana. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa, na usichanganye betri mpya na kuukuu kwenye mfumo mmoja: ile kuukuu huivuta mpya chini.

Paneli ya wati 200 itairudisha chaji hiyo kwa saa 5 za jua zuri. Kwa kifuku, mawingu yakikaa siku nzima, wati 300 ni salama zaidi. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi yetu inaisaidia paneli, maana hufanya kazi vizuri ikiwa imepoa. Hata hivyo asubuhi za Juni na Julai volti zake hupanda, hivyo hakikisha chaji kontrola inazimudu. Iseti kulingana na aina ya betri uliyonunua. Wakati wa kufunga, unganisha betri kwanza ndipo paneli. Wakati wa kufungua, toa paneli kwanza.

Inveta ya wati 500 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 40. Hapo waya mwembamba huchemka hadi plastiki yake ikalainika na kunuka. Tumia waya mfupi wa milimita za mraba 16 au zaidi, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, upande wa chanya.

Nasisitiza hili: betri ya maji isilale chumbani. Ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche moja, na mwezi wa Julai nyumba nyingi zetu huingiza jiko la mkaa ndani kujipasha joto. Jiko lenyewe chumbani ni hatari kwa moshi wake usioonekana. Ukiliweka jirani na betri umeongeza hatari ya pili. Iweke mahali penye hewa, juu ya ubao, mbali na watoto. Kila mwezi fungua vifuniko uongeze maji ya betri, si ya bomba, na usugue ule unga mweupe na wa kijani unaoota kwenye vichwa.

Kama inveta italisha nyaya zilezile za TANESCO, lazima iwepo swichi ya kubadilishia inayotenganisha njia mbili. Bila hiyo umeme wako unaweza kurudi kwenye nguzo na kumuua fundi aliyepanda akijua laini imezimwa.

Betri ikifa, usiipasue wala kumwaga asidi mtaroni. Risasi hudhuru akili za watoto, na mji huu unakunywa maji ya Mto Ruaha Mdogo. Irudishe kwa muuzaji au kwa mnunuzi wa betri chakavu mwenye kibali. Na kabla fundi hajagusa waya wowote nyumbani kwako, mwombe akuonyeshe leseni yake ya EWURA.