Sinema na Rai za Watu Kabla ya Vita

Watu wengi hudhani kuwa vita huanza siku unapolia mzinga wa kwanza. Sivyo. Kabla ya mzinga kulia kuna kazi inayofanywa katika nyoyo za watu, na kazi hiyo imefanywa sana kwa picha za sinema. Katika somo hili twataka kutazama mifano miwili ya Vita Vikuu vya Pili, mmoja wa Ujerumani na mmoja wa Marekani, ili tujue khatari yenyewe iko wapi; maana wengi huitafuta mahali isipokuwapo.

Tuanze na Ujerumani. Hitler alishika utawala Januari 1933, na mwezi wa Machi akaunda wizara ya propaganda, akamkabidhi Goebbels. Mwaka 1934 ikatolewa sheria kwamba hadithi ya filamu ikaguliwe kabla ya picha kupigwa. Mwaka 1935 ikaonyeshwa Triumph des Willens, filamu ya Leni Riefenstahl juu ya mkutano wa chama cha Nazi mjini Nürnberg: safu za maelfu ya watu, bendera, ngoma, na mtu mmoja anayetazamwa na wote. Filamu ile haimwiti mtazamaji apime hoja. Yamwita ajione mdogo mbele ya umati. Kisha Novemba 1936 Goebbels akapiga marufuku uhakiki wa sanaa magazetini. Mwandishi aliruhusiwa kueleza alichokiona, hakuruhusiwa kukihukumu.

Je, mambo hayo yaliwafanya Wajerumani waipende vita? La. Tarehe 27 Septemba 1938, wakati wa mzozo wa Chekoslovakia, jeshi lilipitishwa katika njia za Berlin, na watu wakalitazama kimya, bila ya shangwe. Tarehe 10 Novemba mwaka ule Hitler mwenyewe aliwaambia watu wa magazeti kwamba kwa miaka mingi alilazimika kusema amani, na kwamba sasa ni lazima nyoyo za watu zigeuzwe, waone kuwa yako mambo yasiyopatikana ila kwa nguvu. Basi katika kiangazi cha 1939 magazeti na picha za khabari katika sinema zikajaa visa vya Wajerumani wanaoteswa Poland. Usiku wa 31 Agosti watu wa SS, wakijifanya Wapoland, wakakishambulia kituo cha redio cha Gleiwitz. Kulipokucha majeshi yakaingia Poland. Hata siku hiyo watu wa Berlin hawakushangilia. Lakini hapakuwa na mahali ambapo mtu aweza kusimama na kuuliza: ushahidi wa visa hivi uko wapi?

Sasa tuitazame Marekani. Mwaka 1939 wananchi wengi wa huko hawakutaka kuingia vitani, kwani walikuwa bado wawakumbuka wafu wao wa 1917 na 1918. Mwaka huo kampuni ya Warner Brothers ilitoa Confessions of a Nazi Spy, iliyotokana na kesi ya kweli ya majasusi iliyosikizwa New York mwaka 1938. Mwaka 1940 Charlie Chaplin akamfanyia Hitler mzaha katika The Great Dictator. Na Julai 1941 ikatoka Sergeant York, kisa cha kweli cha mkulima wa Tennessee aliyeona kuwa dini yake yamkataza kuua, kisha akaenda vitani na kurejea shujaa. Filamu hii ilisimulia vita vya 1918, wala haikumtaja Hitler. Lakini watazamaji wengi walifahamu ni swali gani waulizwa.

Septemba 1941 kamati ya Baraza la Seneti ikakaa kuchunguza kama sinema zawavuta watu vitani. Swali lenyewe lilikuwa la haki. Lakini Seneta Gerald Nye na wenziwe walilichafua kwa chuki, kwa kuwanyoshea kidole wenye kampuni kwa kuwa ni Mayahudi na wazaliwa wa nje. Tena Nye alipohojiwa juu ya filamu alizozishitaki, ikadhihirika kuwa nyingine hakuziona. Wenye kampuni wakajibu kwamba walionyesha mambo yaliyotukia kweli. Shauri halijamalizika, Wajapani wakaipiga Pearl Harbor tarehe 7 Desemba, na habari ikaishia hapo.

Wako watakaosema: zote ni propaganda, basi zote ni sawa. Hatukubali. Wako wengine watakaosema: upande wenye haki hauna propaganda. Hilo nalo si kweli, kwani kisa cha York, ijapokuwa ni cha kweli, kilichaguliwa na kikatolewa kwa wakati wake. Wala si filamu peke yake zilizogeuza rai za Wamarekani. Ufaransa ilikwisha kuanguka Juni 1940, na London ikapigwa mabomu usiku baada ya usiku. Tofauti iliyo kubwa ni hii: Marekani mwenye filamu aliitwa akaulizwa, na aliyemshitaki naye akaulizwa. Ujerumani hakuulizwa mtu.

Basi khatari ya kwanza si picha. Ni kufungwa mdomo wa mwenye kuuliza. Na mdomo huo haufungwi na serikali tu. Sisi wenyewe huufunga tunapotoka mbele ya picha, iwe ya sinema au ya simu iliyo mkononi, tukiwa na hasira juu ya watu tusiowajua, na jirani akituuliza twajuaje, tukamwita adui.

Yatupasa kila mara tujiulize matatu. Ni nani aliyeitoa picha hii, na kwa nini wakati huu? Aliyetuhumiwa ndani yake amepewa nafasi ya kujibu? Nasi twatakiwa tufanye nini tukiisha kuiamini? Asiyeweza kuyajibu matatu haya na angoje kabla ya kuhukumu. Machozi yaliyotutoka ni ya kweli, lakini machozi si ushahidi.